Nani aliyeigawa? Majibu kuhusu namba tasa yenye tarakimu milioni 41

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yaani mbili zipatazo 136,279,841 zikizidishwa zote pamoja, kisha zao lake likapunguzwa moja. Namba hiyo ilitangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 na ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, atamaliza baada ya siku 475. Barua tulizopokea zinaonyesha kwamba sentensi zetu mbili hazikutosheleza kiu ya wasomaji, na tunajibu hapa zile zilizogusa mambo ambayo wengi waliyauliza.

Mimi ni fundi seremala na hesabu yangu iliishia darasa la saba, lakini nakumbuka kwamba ili kujua kama namba ni tasa tulikuwa tunaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea. Namba yenye tarakimu milioni 41 nani aliyeigawa? Au tunaambiwa tuamini tu? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yetu, kumbukumbu yako ni sahihi, na swali lako ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Njia uliyofundishwa ni ya kweli na haina kasoro: namba ikiwa na vigawo, angalau kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo ili kuthibitisha kwamba 97 ni tasa inatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Tatizo ni urefu wa kazi. Kipeuo cha pili cha namba tunayoizungumzia kina tarakimu zaidi ya milioni 20, na kwa kulinganisha, sekunde zote zilizopita tangu ulimwengu uanze, kiasi cha miaka bilioni 13.8, zinaandikika kwa tarakimu 18 tu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hakuna aliyeigawa kwa njia hiyo, wala hatatokea wa kuigawa. Jibu la swali la pili ni kwamba hatuambiwi tuamini tu, na hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili.

Namba hii haikuokotwa ovyo kati ya namba ndefu. Ina umbo maalumu, la mbili kwa kipeo fulani ukitoa moja, na namba tasa zenye umbo hilo huitwa tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Kwa namba za umbo hilo kuna kipimo kilichoanzishwa na Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19 na kukamilishwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer katika karne ya 20. Kipimo hicho hakitafuti vigawo hata kidogo. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa jibu kwa namba unayoichunguza, na unachukua baki peke yake. Baki hilo nalo unalizidisha kwa lenyewe, unatoa 2, unagawa, unachukua baki, na unarudia hivyo mara pungufu ya kipeo kwa mbili. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba yako ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Hakuna njia ya tatu, na uthibitisho wa kanuni hiyo umeandikwa na kukaguliwa na watu wengi kwa vizazi kadhaa.

Chukua penseli ujaribu 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Kipeo ni 5, kwa hiyo utarudia mara tatu. Nne mara nne ni 16, toa 2 inabaki 14. Kumi na nne mara 14 ni 196, toa 2 ni 194, na 194 ukiigawa kwa 31 baki ni 8. Nane mara nane ni 64, toa 2 ni 62, na 62 inagawanyika kwa 31 bila baki. Sifuri: 31 ni tasa. Ukifanya vivyo hivyo kwa 2,047, ambayo ni 2¹¹ − 1, hatua ya tisa na ya mwisho itakupa baki la 1,736, na hapo utajua bila shaka yoyote kwamba 2,047 si tasa ingawa kipimo hakijakuambia kigawo hata kimoja. Vigawo vyake ni 23 na 89.

Kwa namba kubwa tunayoizungumzia hatua zake ni 136,279,839, na katika kila hatua kompyuta huzidisha kwa yenyewe namba yenye tarakimu zipatazo milioni 41. Hiyo ni kazi nzito, lakini ni kazi yenye mwisho. Aliyeiongoza ni Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA, ambaye alikodi vichakata vya michoro (GPU), yaani chipu za kompyuta zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja, katika vituo vya data vya nchi 17 na kuvitumia ndani ya mradi wa kujitolea uitwao GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Tarehe 11 Oktoba 2024 kichakata kilichokuwa Dublin, Ayalandi, kiliripoti kwamba namba hii inaelekea kuwa tasa. Neno «inaelekea» ni la makusudi, kwa sababu mchujo wa kwanza hutumia kanuni ya Pierre de Fermat, ambayo ni rahisi kulindwa dhidi ya makosa ya mashine lakini huweza kuipitisha namba isiyo tasa; kwa mfano, 341 ni 11 mara 31, na bado hupita mchujo huo ukiufanya kwa kutumia 2. Siku iliyofuata kichakata kingine kilichokuwa San Antonio, Texas, kilimaliza kipimo cha Lucas na Lehmer na kuleta sifuri. Baada ya hapo kipimo kilirudiwa kwa programu tofauti na kwa mashine tofauti, maana kanuni haikosei lakini kompyuta huweza kukosea, na ndiyo maana tangazo lilisubiri siku kadhaa.

Niruhusu niongeze jambo moja kuhusu kuamini. Mwaka 1644 Mersenne aliorodhesha vipeo ambavyo alidai vinatoa namba tasa hadi kufikia 257, na watu waliheshimu orodha hiyo kwa muda mrefu kwa sababu ya jina lake. Ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 visivyostahili, na akaacha 61, 89 na 107 vinavyostahili. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini kwa jinsi nilivyoeleza, hakujua vigawo vyake. Vilisubiri hadi mwaka 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole alipovipata: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba mbele ya mkutano wa wanahisabati hakutamka neno. Aliandika ubaoni thamani ya 2⁶⁷ − 1, kisha akazidisha vigawo viwili upande wa pili hadi majibu yakalingana, akarudi kuketi. Kila aliyekuwa na karatasi angeweza kuhakiki mwenyewe, na hivyo ndivyo ninavyotamani hesabu ifundishwe.

Nafundisha sekondari Tanga. Je, kuna lolote kuhusu namba hii ambalo wanafunzi wangu wanaweza kulikokotoa wenyewe, bila kompyuta? (Mwalimu, Tanga)

Yako mengi, Mwalimu, na nafurahi umeuliza, kwa sababu ukubwa wa namba huwatisha wanafunzi wakadhani haina mlango wa kuingilia.

Anza na tarakimu ya mwisho. Vipeo vya mbili huishia na 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena, na mzunguko huo haukatiki. Gawa 136,279,841 kwa 4. Inatosha kutazama 41 ya mwisho, na baki ni 1. Kwa hiyo 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ huishia na 2, na namba yetu huishia na 1. Wakitaka tarakimu mbili za mwisho, mzunguko ni wa hatua 20, na kipeo chetu kikigawanywa kwa 20 kinabakiza 1, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho ni zilezile za 2²¹, ambayo ni 2,097,152. Toa moja kwenye 52, na namba yenye tarakimu milioni 41 imewaambia wanafunzi wako kwamba inaishia na 51.

Urefu wake hupatikana kwa logarithimu. Hapa kuna funzo zuri la usahihi: ukichukua 0.30103 ya majedwali ya shule kuwa logarithimu ya 2 na kuizidisha kwa kipeo, utapata 41,024,320.5, na utahitimisha kwamba tarakimu ni 41,024,321, jambo ambalo si kweli. Kosa dogo katika nafasi ya tisa ya desimali limezidishwa mara milioni 136. Tumia 0.301029995664 na utapata 41,024,319.945, yaani tarakimu 41,024,320, na sehemu ya desimali iliyobaki itakuonyesha kwamba namba inaanza na 88. Kwa desimali zaidi utaona 8816943.

Kipeo chenyewe, 136,279,841, ni lazima kiwe tasa, kwa sababu kingekuwa na vigawo, tuseme a mara b, basi 2 kwa kipeo cha a ukitoa moja ingeigawa namba yote. Kinyume chake si kweli, kama 11 na 2,047 zilivyoonyesha. Kuna sharti jingine ambalo Mfaransa Fermat na Mswisi Leonhard Euler walilifahamu: kigawo chochote cha 2ᵖ − 1, p ikiwa tasa witiri, ni lazima kizidi kwa moja kigawe cha 2p. Waambie wanafunzi walihakiki kwa 23 na 89, wakitumia 22, kisha wale mahiri walihakiki kwa kigawo kidogo cha Cole: 193,707,720 ukiigawa kwa 134 inatoka 1,445,580 kamili. Kwa sharti hili wachunguzi huondoa vipeo vingi vibaya kabla ya kuanza kipimo kirefu.

Swali ninalolipenda zaidi ni hili: ukiongeza 2 kwenye namba yetu, utapata tasa nyingine, kama 11 na 13 au 29 na 31 zinavyokwenda pacha? Hapana, na uthibitisho wake ni wa sentensi tatu. Kati ya namba tatu zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 3. Zetu tatu ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ na 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ + 1. Ya kwanza ni tasa, ya pili imejengwa kwa mbili tupu, kwa hiyo inayogawanyika kwa 3 ni ya tatu.

Ukipenda kuwaonyesha uhusiano na namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake vikijumlishwa, pasipo namba yenyewe, huirudisha, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, waeleze kwamba kila tasa ya Mersenne huzaa namba kamilifu moja: 2ᵖ − 1 mara 2 kwa kipeo pungufu kwa moja. Kutoka 3, 7, 31 na 127 tunapata 6, 28, 496 na 8,128. Kutoka namba yetu inapatikana namba kamilifu yenye tarakimu 82,048,640.

Nina biashara ndogo na napokea malipo kwa simu. Nimesikia kwamba namba tasa ndizo zinazolinda fedha zetu. Sasa kama namba hii imetangazwa hadharani, wezi hawawezi kuitumia? (Mama mfanyabiashara, Kisumu)

Mama, ondoa hofu. Ni kweli kwamba namba tasa hutumika kulinda mawasiliano. Njia moja mashuhuri ni ile ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977, ambamo mashine huchagua kwa siri namba tasa mbili, huzizidisha, kisha hutangaza zao peke yake. Kuzidisha ni rahisi. Kurudi kutoka kwenye zao hadi kwenye namba mbili za mwanzo, zikiwa ndefu vya kutosha, hakuna anayejua kukufanya kwa muda unaofaa kwa kompyuta za leo. Tasa zinazochaguliwa kwa kawaida huwa na tarakimu kiasi cha 300 kila moja, si mamilioni, na nguvu yake yote iko katika kutojulikana. Namba inayojulikana na dunia nzima haifai kuwa siri, kwa hiyo namba hii mpya hailindi fedha za mtu yeyote, wala kutangazwa kwake hakumpunguzii mtu ulinzi.

Zipo tasa za Mersenne zinazofanya kazi hadharani, kwa mfano 2⁵²¹ − 1, iliyogunduliwa na Raphael Robinson mwaka 1952 kwa kompyuta iitwayo SWAC, ambayo leo ni sehemu ya kanuni mojawapo ya kutia saini za kidijitali. Hiyo haikukusudiwa kuwa siri. Siri ni namba nyingine zinazotumika pamoja nayo. Ile ya tarakimu milioni 41 haina matumizi ya aina hiyo, na sioni haja ya kuitafutia. Inatafutwa kwa sababu watu wanataka kuijua.

Nina kompyuta mpakato ya kawaida. Naweza kushiriki? (Msomaji, Kigali)

Unaweza. Programu ya mradi wa GIMPS hutolewa bure, na kwa miaka 28 rekodi za mradi huo zilivunjwa na kompyuta za kawaida, hadi ushindi huu wa vichakata vya michoro. Fahamu tu kwamba programu huifanyisha mashine kazi kwa nguvu zake zote, kwa hiyo mpakato itapata joto kali na umeme utakwenda. Binafsi nisingeiwasha usiku kucha katika chumba kisicho na hewa. Shirika la Marekani liitwalo Electronic Frontier Foundation limeahidi dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100 au zaidi, na tuzo hiyo inahitaji kipeo kinachozidi milioni 332.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Nina njia mbili za kupata tasa kubwa zaidi ya hiyo. Ya kwanza: zidisha tasa zote hadi hapo, ongeza moja. Ya pili: 3 inatoa 2³ − 1 = 7, na 7 inatoa 127, kwa hiyo ukiweka namba hiyo kubwa yenyewe kuwa kipeo utapata tasa. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Njia yako ya kwanza ina historia ndefu, na inatoka katika ardhi ya Afrika: ndiyo hoja ambayo Euklidi wa Aleksandria, Misri, aliiandika miaka kama 2,300 iliyopita kuthibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Lakini hoja yake haisemi kwamba jibu ni tasa. Inasema kwamba jibu haligawanyiki kwa tasa yoyote uliyoizidisha, kwa hiyo ama lenyewe ni tasa, ama lina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, uongeze moja: unapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Kwa hiyo tuna hakika kwamba tasa kubwa zaidi ya hiyo zipo bila kikomo, na bado hatuwezi kuinyoshea kidole hata moja. Tena si chache: karibu na ukubwa huo, kwa wastani, namba moja katika kila milioni 94 ni tasa. Kuzipata ndiyo kazi, maana kwa namba ndefu kiasi hicho isiyo na umbo maalumu hatuna kipimo chepesi kama cha Lucas na Lehmer.

Njia yako ya pili imeshawishi watu wazima pia. Mfululizo wako unaendelea vizuri hatua moja zaidi: 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na Lucas aliithibitisha mwaka 1876 bila kompyuta. Lakini anza na 13. Inatoa 2¹³ − 1 = 8,191, ambayo ni tasa; na 2 kwa kipeo cha 8,191 ukitoa moja si tasa, jambo lililopatikana mwaka 1953 kwa kompyuta. Mfano mmoja wa namna hiyo unatosha kuivunja kanuni, hata kama mifano minne ya mwanzo, yaani vipeo 3, 7, 31 na 127, iliikubali. Na hiyo namba kubwa ukiiweka kuwa kipeo, utapata namba ambayo kumbukumbu za kompyuta zote duniani haziwezi kuihifadhi ikiandikwa kwa ukamilifu.

Kwamba 8,191 ni tasa usilichukue kutoka kwangu. Tumia kipimo nilichomweleza ndugu yetu fundi hapo juu. Hatua ni 11, na kikokotoo cha shule kinatosha. Utaanza na 14, 194, kisha 4,870, na kuendelea. Ukifika hatua ya kumi bila kukosea utakuwa na 128. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, upate 16,382, kisha gawa kwa 8,191.